Mgeni Katika Mji wa Wanafunzi

Kila mwaka, miezi ya Agosti na Septemba, jamaa nyingi za miji yetu husindikiza kijana wao kwenye kiwanja cha ndege. Mama huficha machozi, baba hutoa mawaidha ya mwisho, wadogo hugombania kubeba mizigo. Ndege ikiisha kutua Ulaya, simu hulia, na nyumba nzima hufurahi: "Mtoto wetu amefika!" Kumbe, hajafika bado. Kufika kwa mwili ni kazi ya saa chache. Kufika kwa moyo na akili ni kazi ya majuma na miezi. Habari ya safari hiyo ya pili wazazi wengi hawaijui, maana watoto wenyewe hawaisimulii.

Sisi tulifundisha shule za Lubumbashi miaka kumi, kisha mwaka wa 2022 tukapata nafasi ya kwenda Ubelgiji kuongeza elimu ya ualimu. Mama na watoto tuliwaacha nyumbani. Sasa tumekwisha kurudi, nasi twataka kueleza siku zile za kwanza, ili wazazi wajue kinachompata mtoto wao, na kijana anayefunga mizigo ajue alete nini moyoni, si katika sanduku tu.

LOUVAIN ZILE MBILI

Tuanze na jina la mji, kwa sababu hapo wageni wengi hupotea kabla hawajapumzika. Ubelgiji una miji miwili ambayo sisi wenye kusema Kifaransa huiita Louvain. Wa kwanza ni Leuven, mji wa kale ulio mashariki ya Brussels, ambamo wenyeji husema Kiholanzi cha Waflama. Wa pili ni Louvain-la-Neuve, maana yake Louvain Mpya, ulio upande wa kusini katika nchi ya wasema Kifaransa. Kutoka mmoja hata mwingine ni kama kilometa 25. Tena kiwanja cha ndege cha Zaventem ki karibu na ule wa kale: gari la moshi hufika Leuven kwa muda wa robo saa hivi. Basi mgeni akitamka "Louvain" tu bila kumaliza jina, aweza kushuka na masanduku yake mahali asipojulikana, asipoelewa hata kibao kimoja.

Kwa nini miji miwili? Chuo kikuu cha Leuven kilianzishwa mwaka wa 1425, kwa idhini ya Baba Mtakatifu Martin V. Kilipata kufungwa na kufunguliwa tena, vita viwili vya dunia vikateketeza maktaba yake, nacho kikasimama. Lakini katika miaka ya 1960 Waflama na wasema Kifaransa waligombana sana juu ya lugha ya kufundishia, hata mwaka wa 1968 serikali ya nchi ikaanguka kwa ajili ya ugomvi huo. Ikaamuliwa kwamba chuo kigawanyike, na wasema Kifaransa wahame. Tarehe 2 Februari 1971 Mfalme Baudouin aliweka jiwe la kwanza la mji mpya katikati ya mashamba, na mwaka wa 1972 wanafunzi wa kwanza wakaingia. Hata vitabu vya maktaba viligawanywa kati ya ndugu wawili, kama urithi wa marehemu.

Habari hizi si ngeni kwetu Wakongomani. Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka wa 1954 juu ya kilima karibu na Kinshasa, wakati ule Léopoldville, kilichukua jina la Leuven kwa Kilatini, kama mtoto achukuavyo jina la mzazi. Na katika Leuven yenyewe Thomas Kanza alipata shahada yake mwaka wa 1956, akiwa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kabisa, mbali na mapadri, kumaliza masomo ya chuo kikuu. Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, wenye shahada ya namna hiyo katika nchi yetu kubwa hawakutimia 30. Mwanafunzi wa leo afadhali ayajue hayo: njia anayopita imekwisha kukanyagwa na watu waliokuwa wachache na wapweke kuliko yeye.

MJI ULIO JUU YA MAGARI

Tulibadili ndege Addis Ababa, tukafika asubuhi moja ya Septemba yenye manyunyu. Kule Lubumbashi tuliacha vumbi, joto la mwisho wa kiangazi, na miti ya jakaranda ikijiandaa kutoa maua. Huku majani yalianza kugeuka rangi.

Katikati ya Louvain-la-Neuve hamna magari. Wajenzi walitandaza sakafu kubwa ya saruji, wakajenga nyumba, viwanja na vyumba vya masomo juu yake. Magari hupita na kusimama chini, na hata gari la moshi huingia huko chini. Juu hutembea watu kwa miguu. Asubuhi husikii pembe wala injini, ila viatu. Hakuna mama mwenye beseni la mikate kichwani, hakuna kijana wa pikipiki anayeita abiria. Siku mbili za kwanza ukimya huo hupendeza. Siku ya tatu huanza kuuma masikio.

Tena mwanafunzi wa Kibelgiji hakai mjini siku zote. Siku ya Ijumaa alasiri utasikia mngurumo wa masanduku yenye magurudumu yakikokotwa kwenda stesheni: wote warudi kwa wazazi wao, kufua nguo na kula chakula cha mama. Jumapili jioni masanduku yanarudi. Kati ya hapo mji hubaki kama shule wakati wa likizo, na wanaosalia ni sisi wageni. Ewe kijana unayekwenda, ujue mapema: adui wako hakai katika Jumatatu yenye kazi nyingi, bali katika Jumamosi isiyo na mtu. Jumamosi ya kwanza tuliosha nguo ambazo hazikuchafuka, mradi mikono ifanye kazi.

MGENI HUPEWA JEMBE SIKU YA KWANZA

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ubelgiji hawangoji siku ya tatu, na jembe lao ni karatasi. Mwanafunzi anayetoka ng'ambo ya Ulaya hupewa siku nane za kazi tangu alipofika, ili ajiandikishe katika komini ya mahali anapokaa. Huko huonyesha pasipoti yenye viza, barua ya chuo, na mkataba wa chumba. Wakiisha kupokea karatasi hizo, polisi wa mtaa hutumwa kuhakikisha kwamba mtu huyo kweli anakaa pale aliposema. Hafiki kwa mapatano, hufika atakapo.

Hapo tulisaidiwa na yaya mmoja, mzaliwa wa Likasi, aliyekuwa katika mwaka wake wa nne. Hakutuuliza tumelalaje wala tumekula nini. Alituuliza neno moja:

"Mwalimu, jina lako limekwisha kuandikwa penye kengele ya mlango?"

Tukashangaa. "Kengele ya nini, yaya? Aliye na shida nasi atabisha."

"Hapa hawabishi, Mwalimu. Polisi akija asipoona jina lako penye kengele na penye sanduku la barua, ataandika kwamba hukai hapa. Na asiyekaa mahali hana kadi. Na asiye na kadi hana kitu."

Tulikata kipande cha karatasi usiku uleule, tukaandika jina kwa herufi kubwa, tukalibandika. Siku ya kumi polisi alikuja, mtu mpole, akatazama kengele, akatazama kitanda na vitabu, akaaga. Lakini dada mmoja wa Kananga, aliyesoma katika mji mwingine, hakupata mtu wa kumwuliza swali lile. Jina lililokuwa penye kengele yake ni la mpangaji wa zamani. Karatasi zake zilirudishwa mwanzo, akakaa miezi bila kadi, akiogopa hata kupanda gari la moshi. Masomo hayakumshinda, alishindwa na kipande cha karatasi ambacho hakuna aliyemwambia habari zake.

Kadi ikipatikana, milango mingine hufunguka. Yapasa kujiunga na chama cha bima ya ugonjwa, kile wenyeji wanachokiita mutuelle. Bila hicho, mguu ukivunjika huvunjika na mfuko. Yapasa kufungua hesabu ya benki. Na yapasa kukumbuka kwamba kadi ya mwanafunzi hufanywa upya kila mwaka, na wakuu hutaka kuona kwamba mwenye kadi anasoma kweli na kusonga mbele.

CHUMBA NA SHERIA ZAKE

Chumba cha mwanafunzi huko huitwa "kot". Chetu kilikuwa na kitanda, meza, kabati na dirisha moja. Jiko tulilitumia pamoja na vijana watano wa Kibelgiji. Kabla ya kupewa ufunguo, mwenye nyumba hukuzungusha chumbani na kuandika hali ya kila kitu: doa la ukuta, ufa wa kioo, bawaba iliyolegea. Andiko hilo hutiwa sahihi na pande zote mbili. Wenzetu wengine hutia sahihi upesi kwa adabu, wakiona haya kuonyesha kasoro za nyumba ya watu. Kumbe adabu hapo ni kutazama vizuri! Siku ya kuondoka andiko lilelile litafunuliwa, na kila doa lisiloandikwa litatolewa katika fedha uliyoweka ya dhamana.

Hata takataka zina sheria. Chupa za plastiki, makopo na pakiti za vinywaji huenda katika mfuko wa buluu. Karatasi na maboksi peke yake. Chupa za kioo hupelekwa kwenye mapipa makubwa ya mtaani, nyeupe mbali na zenye rangi. Kila kitu na siku yake. Yule kijana wa jikoni aliyetufundisha hayo alikuwa wa miaka 19, nasi tulikuwa na 34. Mwalimu akubali kufundishwa na mtoto. Ndilo somo la kwanza la chuo kikuu, nalo halina mtihani.

HODI ISIYOITIKIWA

Kwetu mtu asiyesalimu ni mtu mwenye kinyongo. Huko watu wapitao njiani hawasalimiani, wala hawana chuki. Lakini mtu yuleyule aliyekupita kimya barabarani, akiingia dukani au katika chumba cha kungoja mganga, atawaamkia wote waliomo, nao watamjibu. Basi salamu ipo, ila makao yake ni ndani ya mlango, si njiani. Na hodi pia ipo, ila hupigwa kwa simu, siku mbili kabla. Ukimtembelea mtu bila kumwarifu atakufungulia, lakini utamwona usoni akiuliza nani amekufa.

Twakumbuka chakula. Wabelgiji wengi hula mkate mchana, na pengine mkate tena jioni. Tumbo lililozoea bukari hulala likinung'unika. Jumamosi ya pili yaya wa Likasi alituchukua hata Brussels, katika mtaa wa Matonge, ulio katika komini ya Ixelles, ambao jina lake lilitoka Matonge ya Kinshasa. Hapo tulikuta sombe, samaki wakavu, unga, na mama mmoja aliyetuita "mwanangu" kabla hajataja bei. Hatuoni haya kusema kwamba neno lile lilitushibisha kuliko unga.

Jioni tulisonga bukari katika jiko la wote. Harufu ya samaki ilipopanda, wale vijana walifungua dirisha, ingawa nje kulikuwa baridi. Tukanyamaza. Juma lililofuata mmoja wao alisimama mlangoni na sahani tupu, akauliza kama aweza kuonja. Tulimwonyesha jinsi ya kufinyanga tonge. Akaliangusha mara mbili, tukacheka wote. Tangu siku ile tuliitana kwa majina.

MBELE YA PROFESA

Sasa tuseme juu ya masomo yenyewe. Katika ukumbi wa mafundisho hakuna anayeita majina. Ukija, umekuja, usipokuja, hakuna atakayekutafuta. Mwaka mzima una hesabu ya mafungu 60 ya masomo. Mitihani hufanywa Januari na Juni, na aliyeshindwa hujaribu tena mwishoni mwa likizo kubwa. Alama ya kupita ni 10 juu ya 20. Kutoka Septemba hata Januari mtu aweza kulala usingizi mzuri, na asiamshwe na mtu ila mtihani.

Tena profesa hutaka ubishi. Sisi tulilelewa kwamba mwanafunzi mwema ni yule anayerudisha maneno ya mwalimu kama alivyoyapokea. Huko, karatasi inayorudisha maneno ya mwalimu tu husemwa haina kitu, na inayochukua maneno ya kitabu bila kumtaja mwandishi huhesabiwa kuwa wizi, nayo huadhibiwa. Yapasa kusema: huyu asema hivi, yule asema vile, nami naona hivi kwa sababu hii. Tulipoitafakari desturi hiyo, tuliona kwamba si ngeni kabisa. Je, wazee wetu barazani hawafanyi vivyo hivyo? Humtaja aliyesema, humpinga kwa heshima, kisha huamua.

SIMU YA JUMAPILI

Tumefika mahali pagumu. Mwezi wa Septemba saa ya Lubumbashi na saa ya Ubelgiji ni moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wabelgiji hurudisha saa zao nyuma, na tangu hapo giza huja mbio: mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi, nalo huzama kabla ya saa kumi na moja. Siku zinapofupika hivyo, sauti ya nyumbani huwa ndiyo taa.

Basi katika juma la tatu mtoto wetu wa mwisho alipatwa na malaria, akalazwa. Mama yake alitusalimu kila jioni kwa sauti ya furaha, asiseme neno. Siku ya nne binti mkubwa akaropoka: "Papa, leo mdogo amekula." Tukauliza: "Kwani alikuwa hali?" Ndipo yakafunuliwa yote. Mtoto alikuwa amekwisha pata nafuu. Mama watoto akasema polepole: "Baba, niliogopa utaacha masomo na kurudi. Tumeuza mengi ili uende."

Usiku ule hatukulala. Maneno yake yalikuwa ya kweli: labda tungalirudi. Lakini mtu anayefichwa ugonjwa wa mtoto wake, kesho atasikiaje habari njema na kuiamini? Tukafanya agano, naye akalikubali: kila Jumapili kila mmoja atasema jambo moja jema na jambo moja gumu, bila kulipunguza wala kulitia chumvi. Tangu hapo simu zetu zilikuwa na machozi mara nyingine, lakini hazikuwa na hofu. Na sisi tuliweza kusoma.

Lilibaki jambo la fedha. Majuma mawili yalitosha, ndugu wakaanza kupiga simu: huyu ana karo, yule ana paa linalovuja. Hawakuwa na ubaya. Walichanga safari, wakadhani mbegu imekwisha kuota. Tuliandika hesabu yote ya mwezi katika ukurasa mmoja: kodi, ambayo peke yake ilikula zaidi ya theluthi, chakula, bima, gari la moshi, vitabu, na kile kidogo cha mama na watoto. Tukaeleza pia kwamba sheria huruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo, na kwamba wapo waliofuata kazi hata wakapoteza masomo, na baada ya masomo wakapoteza kadi. Ukurasa huo tulimpelekea baba mkubwa, tukamwomba awasomee wote. Akausoma mara mbili. Kisha akasema: "Mtu huyu yuko shuleni. Mwacheni asome." Simu za kuomba zikapungua, na za kusalimu zikaongezeka.

Ninyi wazazi, mtoto akiwa ng'ambo, msimwulize kwanza ametuma nini. Mwulizeni kama jina lake limeandikwa penye kengele, kama ametazama kuta kabla ya kutia sahihi, na Jumamosi yake ilikuwaje. Nanyi vijana, jibuni kweli. Ndivyo atakavyofika mtoto, naye hataachwa kufika peke yake.